Gereji ya Mjomba: Odometa inasoma laki mbili na tisini, ninunue au niache?

Mwezi huu nimefungua meseji zenu nikacheka peke yangu, maana karibu zote ni stesheni wagoni, Fielder na Probox, afu zote zimechoka. Sio mbaya, mi mwenyewe naendesha Fielder ile ya zamani, NZE121, imetembea kilomita 412,000 na bado inanipeleka Iringa kwa mama mkwe na kurudi na magunia ya mahindi nyuma. Kwaiyo leo tunakaa na hizi tu, wenye Noah mtanisamehe, zamu yenu inakuja.

Mjomba shikamoo. Nimepata Fielder ya 2005 kwa mtu hapa Kibaha, odometa inasoma 290,000. Kuna nyingine yadi, ya mwaka uleule, inasoma 98,000 ila bei iko juu sana. Mume wangu anasema ya laki mbili na tisini ni kujitafutia ubaya. Tufanyeje? Mama wa watoto wawili, Kibaha

Marahaba mpwa wangu. Mwambie mkwe wangu asiogope namba, aogope kitu kingine. Chukueni kalamu mpige hesabu: gari la 2005 lenye kilomita 290,000 limetembea chini ya kilomita elfu kumi na tano kwa mwaka, iyo ni safari za kawaida kabisa za mtu anayeenda kazini na kurudi. Hilo la 98,000 ndo linanipa maswali, maana ni chini ya elfu tano kwa mwaka, inawezekana kweli, wapo wazee Japani wanaoenda nalo sokoni tu na kurudi, ila inawezekana pia kuna mtu amekaa na kompyuta akairudisha odometa nyuma wakati wewe umelala. Muulize huyo wa yadi akuoneshe cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani, kile kinaandikwa kilomita. Akianza kukwambia sijui kiko kwa bosi, sijui kilipotea bandarini, shukuru uondoke. Na ukiwa na cheti mkononi bado angalia mpira wa pedali ya breki na ukingo wa siti ya dereva upande wa mlangoni, pedali imelika mpaka chuma kinang'aa afu odometa inasema 98,000, hapo mmoja anadanganya na sio pedali.

Sasa iyo ya 290,000. Nendeni asubuhi na mapema, na mumwambie muuzaji toka jana yake kwamba asiliwashe. Mkifika weka kiganja juu ya injini, ikiwa ya moto jamaa kaliwasha kabla hamjafika, na kuna sababu kaliwasha. Fungua mfuniko wa rejeta (injini ikiwa baridi tu, sitaki kesi), angalia maji. Yakiwa mekundu au ya kijani safi, vizuri. Yakiwa rangi ya chai ya rangi yenye kutu, gari limekunywa maji ya bomba miaka yote. Ukiona mafuta yanaelea juu, msiwashe hata, rudini nyumbani. Fungua na mfuniko wa oili uangalie kwa chini yake, ukikuta uji mzito wa rangi ya maziwa ujue maji na oili vinakutana mahali visipopaswa kukutana.

Afu mkiwasha, nyamazeni wote, watoto muwaache kwa bibi. Injini ya Fielder ya 1.5 inaitwa 1NZ, ina cheni ya taimingi sio mkanda, kwaiyo hamna hadithi ya kubadilisha mkanda kila kilomita laki moja kama gari zingine, ila cheni yenyewe inakazwa kwa presha ya oili, na gari ambalo halikubadilishwa oili kwa wakati utaisikia, inapiga krrrr ukiwasha. Sekunde moja ikanyamaza, tunaongea bei. Ikiendelea kupiga mpaka injini inapata moto, cheni na tensheni yake vinataka kubadilishwa na iyo sio kazi ya laki moja.

Mkilizungusha barabarani kata usukani mpaka mwisho, kulia afu kushoto, huku linatembea taratibu. Mlio wa ka-ka-ka-ka kwenye tairi za mbele ni sivi jointi, kile kiungo kinachozungusha tairi za mbele, inatibika. Kama ni automatiki weka D ukiwa umekanyaga breki afu weka R, likikupiga teke kama punda, giaboksi ina neno. Vyote vikiwa sawa nunueni, ila ile hela mnayookoa msiinunulie sofa. Siku ileile linapelekwa gereji: oili na filta, filta ya hewa, plagi, kulanti, mkanda wa nje, oili ya breki. Muuzaji akisema "juzi tu nimefanya sevisi" mwambieni asante, afu mfanye yenu.

Mjomba, Fielder yangu inakula oili. Kila wiki mbili naongeza lita nzima. Chini haimwagi. Fundi mmoja anasema tushushe injini, mwingine anasema niweke oili nzito 20W-50 itatulia. Nipo barabarani kutwa, nikilaza gari sina hela. Dereva wa mtandaoni, Mbezi

Kijana, wiki mbili sio kipimo. We unayekimbiza abiria usiku na mchana unaweza ukatembea kilomita elfu tatu kwenye izo wiki mbili, na mwenzako anatembea mia mbili. Jaza oili mpaka alama ya juu kwenye stiki, simama sehemu tambarare, andika kilomita, endesha elfu moja kamili, pima tena. Injini ya kilomita nyingi ikipoteza robo lita kwa elfu moja mi silalamiki, naongeza naendelea na maisha. Ikipoteza lita nzima kwa elfu moja hapo tunakaa kikao.

Na angalia moshi unatoka saa ngapi, maana wengi mnaniandikia "inatoa moshi" basi, kama vile moshi ni mmoja. Ukiliwasha asubuhi baada ya kulala linatoa wingu la bluu afu linaacha, hizo mara nyingi ni sili za valvu zimekauka, oili inadondokea ndani usiku. Fundi anayejua kazi anazibadilisha bila kushusha injini nzima. Likitoa bluu unapokanyaga mafuta, na kadri unavyokanyaga ndo linavyozidi, hapo ringi za pistoni zimechoka au zimeganda kwa masizi.

Lakini kabla hujamruhusu mtu yeyote ashike spana kubwa, kuna kidude kidogo kinaitwa valvu ya PCV, kimechomekwa juu kwenye injini, kazi yake kuvuta mvuke wa ndani ya injini urudi ukaunguzwe. Kikiganda, presha inajaa ndani na oili inasukumwa pasipotakiwa. Kitoe ukitikise, kikilia kama njugu ndani ya kopo kizima, kikinyamaza kimekufa. Ni spea ya bei ya kawaida sana, ila hamna fundi atakayekutajia maana haina ulaji.

Habari ya 20W-50 naisikia kila siku. Oili ile nzito inaficha tatizo kwa muda, moshi unapungua, unafurahi, ila injini hizi za VVT-i, zile zinazobadilisha wenyewe muda wa valvu kufunguka, zina vitundu vyembamba vya kupitishia oili na kiwandani wamezitengenezea oili nyepesi, 5W-30 na jamii yake. Asubuhi ukiwasha oili nzito inachelewa kufika juu, na cheni ndo inaumia. Mi kwenye gari lenye kilomita nyingi naweka 10W-40 mwisho, sipandi zaidi, na nabadilisha kila kilomita elfu tano. Toyota wenyewe kwa kazi ngumu wanasema 7,500 au miezi sita, ila hawakuwa wanafikiria foleni ya Morogoro Road saa kumi na mbili jioni, injini inazunguka na kilomita hazisogei.

Kitu kimoja hujaniambia, injini yako ni ipi? Kama ni Fielder ya 1.8 yenye 1ZZ, tena ya miaka ya mwanzo, tatizo la kula oili ni la kuzaliwa nalo, pistoni zake zilikuwa na vitundu vidogo vya kurudishia oili vikaziba kwa masizi, baadae Toyota wakabadilisha pistoni. Kwa iyo usipoteze hela kwenye valvu na sili, hapo kweli ni ringi na pistoni za toleo la baadae, au injini nyingine ya mtumba.

Habari za kazi Mjomba. Gari yangu Fielder huku Njombe haipandi moto kabisa, mshale unakaa chini, hita haitoi joto asubuhi tunatetemeka humo ndani, na mafuta inakunywa balaa. Fundi aliyeitengeneza mwaka jana ilivyochemsha alitoa kitu kwenye bomba la rejeta akasema hakina kazi nchi za joto. Msomaji, Njombe

Nchi za joto! Njombe! Mwezi wa saba watu wanalala na makoti!

Alichotoa ni thamostati. Hii tabia ya kutoa thamostati ndo ugonjwa mkubwa kuliko yote kwenye gari kuukuu, na nitakaa hapa kidogo mnivumilie. Ile ni valvu inayokaa imefunga injini ikiwa baridi, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka, ikifika kama nyuzi 82 inaanza kufungua maji yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, maji yanaenda kwenye rejeta muda wote, injini haifiki joto lake la kazi, na kompyuta inasoma sensa inaona "bado baridi" kwaiyo inaongeza mafuta kama ulivyokuwa unavuta choki kwenye gari za zamani. Ndo mafuta yako yanakoenda. Oili nayo haichemki vizuri kukausha unyevu, inakuwa uji. Nunua thamostati nyingine, ya maana, sio ile ya kwenye kimfuko cha nailoni isiyo na jina, na kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, ukiona inafunguka maji yakikaribia kuchemka, funga.

Ila swali ambalo fundi wako hakujiuliza ni kwa nini ilichemsha. Kutoa thamostati ni kama mtoto ana homa unamvua nguo unasema amepona. Hapo kuna rejeta iliyoziba, au feni haiwaki, au wota pampu inavuja (chungulia chini ya pampu, ukiona alama ya waridi iliyokauka kama chumvi, ndo yenyewe), au mfuniko wa rejeta umechoka. Mfuniko watu wanaudharau. Ule unashika presha, na maji yenye presha hayachemki kwenye nyuzi mia kama ya sufuria, yanavumilia zaidi. Mpira wake ukichoka presha inatoka, maji yanachemka mapema, unatapika kulanti njia nzima unatafuta mchawi.

Haya nayaongea kwa uchungu maana yalinikuta. Miaka ya nyuma nimetoka Mikumi na familia, nyuma mizigo mpaka kwenye dari, nimefika Kitonga naanza kupanda na ile milori, mshale ukaanza kupanda na mimi. Mke wangu akaniambia simama. Mi nikasema kilele hicho hapo, tutapumzika juu. Nikawasha hita, madirisha wazi, nikaendelea. Sikufika juu. Gasketi ya hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ikaondoka, na hedi yenyewe ikapinda, tukalala Mahenge kwa watu baki na watoto wawili, na kesho yake gari likapandishwa kwenye lori mpaka Iringa mjini. Mfuniko wa rejeta, wajameni. Kipira cha mfuniko. Toka siku iyo kila nikisafiri nina mfuniko wa akiba kwenye dashibodi, na mke wangu akisema simama nasimama.

Mshale ukipanda juu ya kawaida yake, zima eisii, weka hita yote kupunguza joto huku unatafuta pa kuegesha salama, zima injini, kaa nusu saa au zaidi. Usifungue rejeta ya moto na usiimwagie injini maji ya baridi, chuma kinapasuka. Na weka kulanti, sio maji matupu. Kulanti haipo kwa ajili ya barafu ya Ulaya tu, inazuia kutu na inachelewesha kuchemka.

Mjomba, mlango wa nyuma wa gari yangu haukai juu, nashikilia na mti wa fagio. Pia taa ya namba na waipa ya nyuma vimekufa, nimebadilisha globu mara tatu. Nabeba machungwa Muheza kuja Tanga, saa ingine naacha mlango wazi nafunga na kamba. Mfanyabiashara, Tanga

Mti wa fagio nimecheka, maana hata mimi nimeutumia, mpaka siku ulipoteleza mlango ukanipiga kichogo. Zile shokapu za mlango zina gesi ndani, ikiisha imeisha, hazijazwi. Nunua mbili kwa pamoja, mpya, hata kama moja inaonekana nzima, kubadilisha kunataka dakika kumi na bisibisi ya bapa, ila mtu wa pili aushike mlango.

Globu acha kununua. Angalia ule mpira wa mkunjo juu kwenye bawaba, waya zote za mlango wa nyuma zinapita mle, na kila ukifungua zinakunjwa, miaka ishirini ya kukunjwa zinakatika ndani huku nje unaona ziko sawa. Uvute mpira, utakuta moja au mbili zimekatika. Fundi umeme aunge na waya laini, asiviringishe tu na selotepu.

Kuhusu kutembea mlango ukiwa wazi, hapo sicheki. Stesheni wagoni ikitembea inavuta hewa kwa nyuma, moshi wa ekzosi unaingia ndani ulipo wewe, na ile gesi yake haina harufu, inakulaza. Ukilazimika, vioo vya mbele vyote chini na feni ya ndani iwake ikivuta hewa ya nje. Bora upige safari mbili. Afu we uko pwani, osha chini ya gari kwa maji baridi, chumvi ya bahari inakula sakafu na matao ya tairi za nyuma kimyakimya.

Niaje Mjomba. Huku Machakos kuna Probox ya 2012, manual, 310,000. Mwenyewe hafichi, ilikuwa ya miraa kutoka Maua hadi Nairobi, springi za nyuma ziliongezwa. Bei iko chini sana. Nataka ya kupeleka mboga sokoni. Nichukue? Msomaji, Machakos

Poa kijana. Angalau muuzaji ni muungwana.

Probox ni gari la kazi toka kuzaliwa, ilitoka 2002, kampuni za Japani zinaitumia kubebea vifaa na mafundi, na kule gari la mzigo kama hilo baada ya miaka miwili ya kwanza linakaguliwa kila mwaka sio kila miaka miwili kama gari la familia. Ndo maana ukipata iliyotoka kule na kilomita laki mbili inaweza kuwa nzima kuliko ya laki moja ya hapa. Ila ilitengenezwa kubeba kilo 400. Ya miraa imebeba mara ngapi ya hizo, tena kwa mwendo ambao we na mimi tunaujua, tunazisikia kabla hatujaziona.

Laki tatu na kumi hainitishi. Kinachonitisha ni bodi. Ipandishe juu, uangalie na tochi pale shokapu za nyuma zinaposhikia, na mahali springi zinapokaa, unatafuta ufa au weldingi mpya iliyopakwa rangi nyeusi kuficha. Ukiona weldingi, acha. Hamna? Endelea: beringi za nyuma (zungusha tairi kwa mkono, ukisikia mngurumo zimekwisha), maunti za injini, klachi, diski za mbele kama zimepinda kwa breki kali. Tairi angalia namba nne za mwisho pembeni, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019, na ziwe za mzigo zenye LT, sio za gari ndogo za abiria.

Najua huwezi kuagiza nyingine ya mwaka huo maana Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwaiyo lazima utafute zilizo humo ndani. Mi ningeiacha hii nikatafuta ya kampuni au ya mwalimu, hata kama ina bei. Ukiichukua, toa izo springi za kuongeza, mboga zako hazina haraka ya miraa.

Mheshimiwa, nina Fielder automatiki, 340,000, nimeinunua kwa mtu miaka sita iliyopita. Oili ya giaboksi haijawahi kubadilishwa toka niwe nayo. Wengine wananiambia nibadilishe, wengine wanasema nikigusa giaboksi itakufa. Gia zinaingia vizuri. Mwalimu mstaafu, Singida

Shikamoo mwalimu. Wote wawili wana ukweli nusunusu. Giaboksi zinazokufa baada ya kubadilishiwa oili mara nyingi zilikuwa zimeshaanza kuteleza, mwenyewe akakimbilia kubadilisha akidhani ni dawa. Yako inaingia vizuri, kwaiyo badilisha, ila usikubali ile mashine ya kusukuma oili yote kwa presha, inaamsha uchafu uliolala miaka ishirini. Fungua nati ya chini, imwagike inayomwagika yenyewe, ipime kwenye chupa, urudishe kiasi kilekile. Nyingine inabaki ndani, sawa tu. Endesha kilomita elfu moja, rudia, afu mara ya tatu. Taratibu hivo.

Soma kwenye stiki ya giaboksi imeandikwa aina gani, T-IV au WS, uweke iyoiyo. Kama ni CVT, ile automatiki ya mkanda isiyo na gia za kuruka, basi ni oili ya CVT peke yake, ukiweka ya automatiki ya kawaida umeizika. Na mara ya kwanza dondosha ile sahani ya chini ubadilishe filta, usafishe sumaku zilizomo. Utakuta tope la kijivu laini kama masizi, iyo ni kawaida usishtuke. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, usirudishie kwanza, vipige picha unitumie.